Mguu Wenye Waya

Jumanne, 4 Machi

Aliyeuvunja mkono wa mama ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Ninaandika hapa kwa sababu karatasi haiulizi swali la pili.

Daftari hili limetoka hospitali. Tumepewa na Dada wa Mazoezi, ndivyo tunavyomwita yule mtaalamu wa viungo mwenye viatu vyeupe. Kila siku tuandike zoezi gani limefanyika, mara ngapi, na maumivu ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Mama hawezi kushika kalamu, kwa hiyo mwandishi ni mimi. Mbele nitaandika ya mkono. Nikiligeuza juu chini na kuanzia nyuma, nitaandika haya.

Kwenye chumba chetu cha kushonea kuna stuli ya mbao. Mguu wake mmoja ulipasuka zamani, ukafungwa waya. Haikupelekwa kwa seremala kwa sababu tulikuwa na sheria: mguu wenye waya unakaa ukutani. Mama hupanda pale kushusha majora ya kitambaa kutoka rafu ya juu, na akivuta jora, uzito wote unarudi kwenye miguu miwili ya upande wa chumbani. Hiyo miwili ni mizima. Miaka kumi na moja mama amepanda stuli ile bila kutazama chini, kama mtu anavyokaa kwenye kitanda chake mwenyewe.

Jumamosi ya tarehe nane Februari nilipiga deki asubuhi. Nilikuwa nimemaliza shule, na kupiga deki ndiyo kazi niliyopewa kwanza. Nikasogeza stuli, nikairudisha. Niliuona waya umegeukia chumbani. Niliuona. Nikasema moyoni, nitaigeuza sakafu ikikauka. Nikatoka kumwaga maji, nikasimama uani kutazama mawingu ya kwanza ya mwaka, na nikasahau.

Jora la kijani lilikuja chini pamoja na mama.

Nilipofika mlangoni alikuwa amelala ubavu, mkono umekaa vibaya, mahali ambapo mkono hauna kiungo ulikuwa umepata kiungo. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani ameweka stuli hii?"

Mama Pasi, mpiga pasi wetu, alikuwa kwenye meza yake, pasi mkononi. Yeye ndiye anayeirudisha stuli kila jioni. Akasema, "Ni mimi, fundi. Jana jioni. Lazima ni mimi."

Nilikuwa na ndoo tupu. Nilifungua mdomo. Mimi ni mtu wa maneno machache, shuleni walinizoea hivyo, na siku ile ukimya wangu haukuonekana kitu kipya. Hakuna aliyenitazama mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Kubana mpira mara ishirini. Maumivu sita. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Nieleze mkono ulivyo. Uliovunjika ni mfupa wa juu, kati ya bega na kiwiko, mkono wa kulia. Walimpasua, wakaweka chuma na skrubu saba. Mfupa unaunga vizuri, daktari ameridhika nao kama mtu aliyeujenga yeye. Shida ni neva inayozunguka nyuma ya mfupa ule. Iliumia. Kiganja cha mama kinaning'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Anaweza kufunga vidole. Kuvifungua hawezi.

"Kufunga mkasi hata mtoto anaweza," Dada wa Mazoezi alimwambia. "Kuufungua ndiko kunakoitaka neva hii."

Mama akauliza, "Imekufa?"

"Imelala. Tunaigongea mlango."

"Na isipoamka?"

Dada wa Mazoezi akafunga kamba ya kiatu chake ambayo haikuwa imefunguka.

Mama ni mkataji. Washonaji ni wengi mtaani, lakini yeye hukata vitambaa nane kwa mkupuo mmoja, na sketi ya nane inatoka sawa na ya kwanza. Shule tatu humletea sare zao kwa ajili ya mkasi ule. Bila mkasi, sisi ni chumba chenye cherehani kuukuu.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Pasi anakuja kila siku kabla hatujaamka. Anamwogesha mama, anamfunga vifungo, anamchana nywele, ndipo anawasha pasi yake. Si ndugu yetu, ila mimi namwita shangazi tangu nikiwa mdogo, na yeye ananiita Bubu.

"Bubu, umeamkaje?"

"Salama, shangazi."

"Maneno mawili! Leo mvua itanyesha mawe."

Zamani mama angecheka. Leo alisema, "Badala ya kuhesabu maneno ya mwenzako, hesabu miguu ya stuli."

Mama Pasi akainamisha kichwa, akaendelea kupiga pasi kola. Nami nikaendelea kushona mikunjo. Cherehani ikipiga kelele mtu anaweza kujificha ndani yake.

Ijumaa, 14 Machi

Mpira ishirini na tano. Kiganja hakijainuka. Tano.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua haijakatika siku nne. Bati linapiga kelele hadi tunazungumza kwa mikono, na mama ana mmoja. Nguo hazikauki kwenye kamba, kila kitu kinakaushwa kwa pasi, kwa hiyo Mama Pasi anasimama kutwa, mvuke mpaka usoni.

Jioni aliaga, akaondoka. Baada ya dakika chache akarudi, amelowa.

"Nimezima pasi?"

"Umezima, shangazi. Nimeona."

Akaushika waya wa pasi mwenyewe, akagusa soketi, akaondoka. Akarudi tena. Mara ya tatu alisimama mlangoni tu bila kuuliza, maji yanamtiririka, akaitazama pasi kama mtu anayemtazama mbwa asiyemwamini.

Mama akiwa kitandani akasema kwa sauti, "Una hakika, dada? Au una hakika kama ya ile stuli?"

Jumatano, 26 Machi

Leo mama amenifundisha kukata. Alisimama nyuma yangu, akanionyesha kwa mkono wa kushoto. Mkasi ni mzito kuliko nilivyofikiri. Nilikunja kitambaa vibaya, nikakata vipande vya mbele vya mashati sita, vyote vya upande wa kushoto.

Alivitazama. Halafu akauinua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya meza, karibu na vipande vyangu, kama kitu kingine kilichoharibika kwenye kazi ile ile. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Jumatano, 2 Aprili

Mpira ishirini. Alikataa kuendelea. Akautupa ukutani, ukarudi miguuni kwangu. Nane, lakini nadhani si maumivu ya mkono.

Dada wa Mazoezi alisema neva hukua kwa unene wa ukucha kwa siku. Nimepima kwa rula. Kutoka palipovunjika hadi kwenye misuli inayoinua kiganja ni safari ndefu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama amegundua namna ya kubana mpira. Kila akibana anasema kwa meno, "Hii ni yake. Na hii ni yake." Amefika arobaini. Niliandika mbele: arobaini, maumivu matano. Dada wa Mazoezi atafurahi.

Jumanne, 8 Aprili

Mama Pasi ameondoka.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Alikuwa ameweka pasi wima, kama inavyotakiwa, akaenda kuleta maji ya kunyunyiza. Alipogeuka akaiona, akapiga yowe. Pasi ilikuwa wima. Haikuunguza chochote. Lakini yeye alikuwa ameona mvuke akadhani ni moshi. Alikaa chini kwenye marobota.

"Sikumbuki kuisimamisha," akasema. "Fundi, sikumbuki."

"Hata stuli hukukumbuka," mama akasema.

"Ndiyo. Ndicho ninachokuambia." Alizungumza polepole. "Mama yangu alianza hivi hivi. Kwanza alisahau alipoweka kitu. Halafu akasahau kwamba alikiweka. Mwisho akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mimi najua ile stuli niligeuza. Naona mkono wangu ukiigeuza. Lakini haikugeuzwa. Basi hicho ninachokiona ni nini?"

Akavua aproni, akaikunja kwa nne, akaipiga pasi ile aproni, kwa mazoea, akaiweka kwenye meza. "Niende kabla sijachoma nyumba ya watu."

Alinipita mlangoni. Akaniwekea mkono shavuni, mkono una joto la pasi bado. "Mtunze mama yako, Bubu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Palikuwa papana kama barabara. Alikuwa ameniita mwenyewe. Nikasema, "Haya, shangazi."

Sikujua, naapa sikujua, kwamba nilichomwibia kilikuwa kikubwa kiasi hicho. Nilidhani nimemtwika lawama. Kumbe nimemtwika kichaa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepiga pasi mimi. Nimeunguza kola mbili.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Mpira arobaini na tano. Kiganja kimelala. Mama hasemi tena "hii ni yake." Anahesabu tu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilitumwa kununua vifungo, nikapita mtaa wa pili, anakokaa Mama Pasi na binti yake mkubwa, yule mwuzaji wa duka la dawa. Niliahidi nafsi yangu kwamba nitasema. Nilifanya mazoezi njiani kama mtu anayekwenda kutoa hotuba: shangazi, stuli niliiweka mimi.

Alikuwa amekaa kibarazani na sinia la mchele. Amekonda. Alifurahi kuniona, akaita ndani, "Bubu wangu amekuja!"

Binti yake akatoka, akanisalimia, akasema kwa sauti ya chini kama vile mama yake hayupo pale, "Usimwache aingie jikoni. Kitasa cha kuwashia jiko la gesi nakaa nacho mimi." Akanionyesha, kiko mfukoni mwake.

Mama Pasi alisikia. Alijifanya anachambua mchele. Mchele ulikuwa safi, alikuwa amekwisha kuuchambua.

Kisha akatoa vikaratasi kutoka kwenye mfuko wa gauni, akanionyesha kwa aibu, kama mtoto anayeonyesha alama mbaya. Nimefunga mlango, saa mbili. Nimekunywa dawa. Nimezima taa ya chooni. "Vinanisaidia," akasema. "Nikianza kuogopa navisoma."

Nilisema vifungo vinasubiriwa nyumbani.



Jumatatu, 28 Aprili

Kiganja kimeinuka!

Si kuinuka kwa kuonekana na kila mtu. Dada wa Mazoezi aliulaza mkono juu ya mto, akasema, "Haya, fundi, piga hodi." Mama akakaza uso. Hakuna. Akakaza tena. Halafu ule msuli wa juu ya mkono, karibu na kiwiko, ukaruka. Kidogo, kama ngozi ya ng'ombe inavyoruka nzi akitua. Na kiganja kikapanda upana wa kidole.

Mama akalia kwa kwikwi. Hata baba alipokufa sikumwona akilia hivi. Dada wa Mazoezi naye akageuka kutafuta kitu kwenye kabati.

Mvua ilikuwa imepumzika. Njia nzima mama alitembea ameushika mkono wake kama kifaranga. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti cha kukatia, akanitazama kwa upole ambao sijauona tangu Februari, na mimi nikaona kwamba siku nzuri ndiyo siku ya kusema.

"Mama. Ile stuli."

"Acha."

"Aliyeiweka ni—"

"Najua."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema tena, "Najua, mwanangu. Nilijua nikiwa pale pale chini. Uso wangu ulikuwa sakafuni. Miguu ya stuli ilikuwa imelowa. Mama Pasi hapigi deki."

Cherehani mbili zilinitazama. Nikauliza, "Sasa kwa nini uliuliza?"

"Niliuliza kabla sijaona. Yeye alijibu kabla sijafikiri. Baada ya hapo..." Akabana vidole, mara moja, mara mbili, bila mpira. "Wewe una miaka kumi na minane. Kitu kama hiki kinamkaa mtu maisha yote. Yeye ni mtu mzima. Nikasema ataweza."

"Hakuweza."

"Nimeona."

"Na yale maneno uliyokuwa ukimwambia? Kila siku?"

Mama akatazama dirisha. "Ilibidi niwe na hasira na mtu," akasema. "Na wewe sikuweza."

Miezi mitatu nimekuwa nikimwogopa mama atakayejua. Sasa namwogopa mama aliyejua. Nilimfunga kibao cha kushikilia kiganja alichopewa hospitali, nikakaza mikanda yake, na kwa mara ya kwanza sikumuuliza kama inaumiza.

Jumanne, 29 Aprili

Mpira hamsini. Maumivu matatu.

Jumanne, 6 Mei

Kiganja kinafika nusu. Mama ananitazama nikifanya kazi. Amesema, "Likishapita hili la sare tutamwita." Sare za muhula hazitakwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Nikafikiria vile vikaratasi, ni vingapi atakuwa ameandika hadi mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda.

Nilimkuta kibarazani, hana sinia leo, amekaa tu na mikono mapajani. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitanyamaza. Nikasema kwa mkupuo, nikiwa nimesimama, macho yangu kwenye kandambili zake.

"Shangazi, uliigeuza. Ile Ijumaa jioni uliigeuza vizuri, mguu wenye waya ukutani. Asubuhi nilipiga deki. Niliirudisha mimi. Niliuona waya nikasema nitaigeuza baadaye. Ni mimi. Kichwa chako ni kizima."

Nikadhani hakuelewa, nikaanza upya. Akainua mkono. "Nimesikia."

Halafu akacheka, kicheko kifupi. Akatoa vikaratasi vyote mfukoni, akaviweka mapajani, vikaanza kupeperuka kimoja kimoja, wala hakuviokota. Alikuwa anasema peke yake, "Niliigeuza. Niliona mkono wangu. Niliigeuza."

Aliponitazama, si yule anayeniita Bubu.

"Miezi mitatu," akasema. "Mwanangu wa kumzaa ananifichia kitasa cha jiko. Nimekuwa nikilala na majina ya wajukuu nikiyahesabu, nione kama yote yapo. Na wewe ulikuwa unanijibu, 'umezima, shangazi, nimeona.'"

"Nisamehe."

"Sijui." Akafuta macho kwa upande wa kanga. "Usinisukume. Sijui."

Nikageuka niende. Akaniita. Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu anayeshika mwisho wa kamba.

"Mama yako anajua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Wamekuwa pamoja miaka kumi na moja. Baba alipokufa, Mama Pasi ndiye aliyelala sakafuni kando ya kitanda cha mama majuma mawili. Nilimtazama usoni, mimi nisiyemtazama mtu usoni.

"Hajui," nikasema. "Alikuwa anaamini ni wewe. Nimemwambia leo asubuhi."

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Basi," akasema. "Basi mtu akikosea kwa kuamini, hilo linabebeka."

Jumatano, 14 Mei

Ameingia kabla hatujaamka. Nilisikia pasi ikiwekwa juu ya kikalio chake. Mama akatoka chumbani, vifungo vimefungwa kombo. Walisimama, meza ya kukatia katikati.

"Fundi, umejifunga kama mlevi."

"Nilikuwa sina mtu wa kunifunga."

"Njoo hapa."

Alifungua vifungo vyote, akavifunga upya, kimoja kimoja. Mama alikuwa analia, na Mama Pasi akamwambia, "Basi, ungejuaje? Hukujua." Mama akanitazama juu ya bega la mwenzake. Mimi nikaendelea kushona.

Baadaye, Mama Pasi alipotoka kuchota maji, mama akanong'ona, "Ulimwambia nini juu yangu?"

"Kwamba hukujua."

Akauchukua mpira, akabana. Hakuhesabu.

Jumatano, 21 Mei

Leo mama amekata. Kitambaa kimoja, kwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, na jasho usoni. Kila alipoufungua mkasi Mama Pasi alisema "hodi," na wote wawili wakacheka. Mstari ulikwenda kombo. Dada wa Mazoezi alishasema huenda ule mkasi mkubwa asiushike tena, au aushike mwakani, hajui. Shule moja imepeleka sare zake kwingine.

Mama Pasi hanifanyii mzaha tena. Akiondoka anaikagua pasi mara moja, anakwenda. Hajarudi mlangoni hata siku moja. Nami ameacha kuniita Bubu, ananiita kwa jina langu, kama wageni.

Stuli tumeichoma. Aliyeikata vipande ni mimi.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imekwisha. Dada wa Mazoezi amelipenda daftari. Anataka tumwachie kliniki ijayo, awaonyeshe wagonjwa wanaokata tamaa jinsi mpira ishirini unavyokuwa mpira mia. Alifunua kurasa karibu afike huku nyuma. Nikasema, "Huko kuna vipimo vya sare." Mama akasema, "Ndiyo, vipimo tu," haraka, na tukatazama pembeni, yeye na mimi, kama wezi wawili wa duka moja.

Nilikusudia kuzichana kurasa hizi leo. Lakini daftari limeshonwa katikati: nikivuta ukurasa wa nyuma, wa mbele unalegea nao. Nikiutoa ule wa tarehe 28 Aprili, siku ambayo kiganja kiliinuka inaanguka pia. Kwa hiyo ninaziacha.

Basi wewe uliyeligeuza juu chini ukasoma hadi hapa. La stuli si siri tena, liseme ukitaka. Lakini hili la miguu iliyolowa, na mama aliyeiona akiwa sakafuni, liache humu. Ukipita kwetu utamkuta mwanamke anapiga pasi kola huku anaimba, na mwenzake anajaribu kufungua mkasi. Ukiulizwa, fundi hakujua.